Meli Imefika Kilindini. Mji wa Kale Umepata Nini?

Watu wangu, niseme mapema ili tusije tukagombana kwa comments: mimi sichukii meli za kitalii. Meli ya ghorofa kumi na kitu ikiwa imefunga gati Kilindini usiku, taa zote zimewaka, ukiiona ukiwa juu ya feri ya Likoni utadhani mtaa mzima umehamia majini. Inapendeza, wallahi. Msimu uliopita nlikuwa navuka, mama mmoja kando yangu amebeba ndizi akaniuliza, "Mwanangu, hao wote wakishuka huenda wapi?"

Swali zuri kuliko yote nliyosikia kwa habari.

Manake habari tunazopewa kila msimu ni za kuhesabu tu. Meli imeleta watalii elfu moja na kitu, elfu mbili. Wakubwa wamejipanga gatini, ngoma zinapigwa, wanasarakasi wanarukaruka, mgeni wa kwanza kushuka anavishwa shada. Kamera zinazimwa. Halafu hakuna anayetwambia ile elfu mbili iliishia wapi kufika saa nne asubuhi.

Mimi nitakwambia. Pale gati namba 1 kuna kituo cha abiria, ghala la zamani lililogeuzwa likawa kituo cha kisasa. Nje yake magari ya safari yashapiga foleni. Kundi moja lapanda kwenda Tsavo Mashariki kuona ndovu. Lengine Shimba Hills. Lengine lataka mchanga tu, lapelekwa ufuoni. Wanaobaki ndio wanaouziwa "Mombasa", na hiyo Mombasa mara nyingi ni basi mpaka Fort Jesus, kutembea kidogo Ndia Kuu, duka la vinyago, haya rudini ndani ya basi. Meli nyingi huingia asubuhi na kuondoka jioni ile ile au kesho yake. Kwa hivyo kila kitu chaenda kwa saa ya meli, na meli haimngoji mtu aliyekwama Digo Road.

Pesa nazo ni hivyo hivyo. Ile safari ya Tsavo au ya Fort Jesus, abiria kawaida huinunua kwa kampuni ya meli yenyewe, kwa kadi, pengine hata kabla hajatoka kwao. Meli inakata chake. Kampuni ya utalii ya huku inakata chake. Halafu dereva, halafu muongozaji. Ikimfikia muuza mabuyu wa Kibokoni ishakuwa chenji. Na chakula? Huyo mtu ashalipia chakula cha siku zote akiwa melini, kiamsha kinywa mpaka cha usiku. Sasa mbaazi za nazi na mahamri, hata ziwe tamu vipi, zashindana na kitu ambacho kwake ni cha bure. Anapiga picha ya karai, anatabasamu, anaenda.

Kinachonikera zaidi ni kwamba huu mji ulijengwa na meli. Si ati meli ni kitu kigeni kwetu. Majahazi ya Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, yakashusha tende, mazulia, vitambaa, na yalikuwa hayawezi kurudi mpaka kusi ivume. Yaani nahodha alikuwa akifika hapa, atake asitake, akae miezi. Mabaharia walipanga vyumba, wakakopa, wakalipa, wakaoa, wakajenga. Ukitaka kujua kwa nini msikiti wa Mandhry ulijengwa 1570, yaani hata Mreno hajaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na kwa nini milango ya Ndia Kuu ina nakshi zinazofanana na za Bara Hindi, jibu ni hilo: watu walikaa.

Meli ya leo pia hufuata kaskazi, kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi. Ila haina haja na upepo. Inakimbia baridi ya Ulaya. Inakuja kuota jua masaa manane na kujiendea.

Na hata hayo masaa manane si yetu kuyapanga. Wengi wetu tulikuwa watoto, wengine hatujui hata kilichotokea, lakini Novemba 2005 meli ya kitalii ya Seabourn Spirit ilishambuliwa na maharamia pwani ya Somalia ikiwa njiani kuja hapa Mombasa. Iliwatoroka, ila haikuja kwetu, ilielekea Shelisheli. Miaka iliyofuata uharamia ulizidi na meli za aina hiyo zikawa nadra kama mvua ya Januari. Mwanzoni mwa 2023 kampuni za usafiri wa baharini zikaiondoa Bahari Hindi kwenye orodha ya maeneo hatari, tukasema alhamdulillahi, sasa tutaomoka. Kabla mwaka haujaisha makombora yakaanza kurushwa kwenye Bahari ya Shamu, na meli zinazotoka Ulaya kupitia Suez zikaanza kubadilisha njia. Yaani riziki ya mtu wa Kuze inaweza kukatwa na watu wasiojua Kuze ni jina la mtaa au la samaki.

Ndiyo maana nikisikia mtu asema uchumi wa Mji wa Kale utaokolewa na meli kubwa, mimi hunyamaza kwanza, nikahesabu mpaka kumi.

Sasa geuza shingo utazame upande wa pili wa maji. Ukisimama Mji wa Kale, pale karibu na bandari ya zamani, ng'ambo ya mkono wa bahari wa Tudor waiona English Point. Pale kuna mashua binafsi, zile wanaita yoti. Zengine ni za matajiri wa kikweli, sawa. Lakini ziko na zengine, ukienda Kilifi utaziona, ni mzungu na mkewe na mashua ya tanga iliyochanika, wamezunguka Bahari Hindi na sasa wangoja upepo ugeuke. Hao hukaa wiki, mara nyengine miezi. Wanaenda Marikiti kununua viazi na maembe. Wanatafuta fundi wa injini, fundi wa kushona tanga, fundi wa mbao. Wanapanda matatu! Wanajua jina la muuza kahawa. Sina takwimu za kukurushia, ila ukiwauliza mafundi watakwambia wangependa nani afike kesho: abiria elfu mbili wa saa sita, au mashua ishirini za miezi miwili. Na sijawahi kuona mashua kama hiyo ikipigiwa ngoma.

Najua jibu lako. "Wewe, hata hao wachache ni baraka, usije ukawafukuza na domo lako." Sawa. Lakini angalia wenzetu waliochelewa. Venice ilingoja mpaka meli zikawa kubwa kuliko makanisa yao, ndio serikali ya Italia ikaamka na kupiga marufuku meli za zaidi ya tani 25,000 kupita mfereji wa Giudecca, kuanzia Agosti 2021. Ugiriki nao, kuanzia Julai 2025, abiria wa meli anayeshuka Santorini au Mykonos wakati wa msimu mkubwa hutozwa euro 20. Na unajua nini? Watu bado wanaenda Santorini. Sisi bado tuko mbali na shida ya Venice, meli zetu za msimu mzima wao wangezimaliza kwa siku chache. Hapo ndipo penye bahati yetu: kuweka sheria wakati wageni ni wachache ni rahisi kuliko kuiweka wakati ushawazoea.

Mimi ningeanza na ada ndogo kwa kila abiria, na iandikwe wazi kwamba ni ya Mji wa Kale, isiingie kwenye mfuko mkubwa ikapotelea huko. Fort Jesus iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2011, vizuri, lakini toka nje ya lango lake utembee dakika tano. Utaona roshani za mbao zimeshikiliwa na dua. Utaona nyumba ya zamani imebomolewa, imeinuka ghorofa ya vioo. Utatafuta choo cha umma mpaka ukate tamaa. Mgeni wa miaka 70 anayetafuta choo na hakioni hawezi kukaa kunywa kahawa tungu na kashata, anarudi kwa basi. Tunajadili mikakati mikubwa ya utalii na tatizo letu ni choo.

Pili, kila basi linaloshuka Fort Jesus liwakabidhi wageni kwa muongozaji wa Mji wa Kale mwenye leseni, kwa mwendo wa miguu wa masaa mawili. Si dereva kusimama mlangoni akisema "jengo hili ni la zamani sana". Kuna vijana hapa wanaojua ukoo wa kila nyumba, wanajua pia ni wapi usitoe kamera. Hili nalo tulizungumze: mama ametoka zake sokoni na buibui lake, watu ishirini wanamuelekezea simu usoni bila hata salamu. Nasema hivi na mimi ni mtu wa kamera. Kuna picha unaomba, na ukikatazwa unaondoka.

Tatu, na hii haina gharama hata ya shilingi: ratiba. Bandari huchapisha orodha ya meli zinazotarajiwa kwa siku 14 zijazo, ila imejaa makontena na magari na mafuta, na nani mtaani ana muda wa kuisoma? Mama wa viazi karai hajui kwamba Alhamisi kuna watu elfu moja wanakuja. Anajua wanapompita. Kuanzia msimu huu nitakuwa naitoa hapa kwa page, meli gani, siku gani, saa ngapi inaingia na kutoka. Mwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa aichukue aisambaze.

Nimalizie na upande wa pili wa meli, ule wa ndani, kwa sababu wengi wenu DM zenu ni za hilo.

Nlipoacha chuo mwaka wa pili, kila mtu mzima aliniambia neno moja: "Enda meli." Pwani hii ndiyo ndoto. Na si ndoto ya uongo, wako vijana wa Mombasa wanaofanya kazi kwenye meli hizo hizo, jikoni, vyumbani, baa, na wamejengea wazazi wao. Kazi yenyewe ni ngumu: mkataba wa miezi sita, saba, tisa, kila siku unafanya, hakuna Jumapili. Meli nyingi zina bendera ya Bahamas au Panama au Malta, kwa hivyo sheria inayokulinda ukiwa ndani ni ya huko. Ukiyajua hayo na bado wataka, nenda, nitakupigia makofi.

Lakini usilipie kazi. Rafiki yangu, tumekua pamoja, alimpa ajenti mmoja laki moja na nusu. Mamake aliuza dhahabu zake. Ajenti akaahidi Miami, ikawa "visa imechelewa", ikawa "ongeza kidogo ya medical", ikawa simu haipatikani. Mwaka wa pili huu. Ile dhahabu haijarudi, na yeye sasa anaendesha tuktuk ya mtu.

Kenya iliridhia Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 mwaka 2014, na mkataba huo unasema baharia hatozwi ada ya kutafutiwa au kupewa kazi. Unachoweza kulipa wewe ni cheti cha afya kinachotakiwa kisheria, kitabu cha baharia na pasipoti. Visa ni mzigo wa mwenye meli. Mafunzo ya usalama ni jambo lengine, chuo kina karo yake, lakini karo unalipa chuoni na unapewa risiti ya chuo, si kwa M-Pesa ya mtu binafsi. Na ajenti wa kupeleka mabaharia lazima awe na leseni ya KMA, mamlaka ya serikali inayosimamia mambo ya bahari. Ofisi zao ziko hapa hapa Mombasa. Unaingia, unataja jina la kampuni, unauliza iko kwa orodha au haiko.

Akikuambia "hii ni ada ya kushika nafasi," mwambie akuandikie hivyo hivyo kwa karatasi, aweke sahihi na muhuri. Kisha utazame uso wake.