Jirani asiporudisha bakuli, usikimbilie kununa

Mahindi mabichi yameingia. Ukipita sokoni hapa Morogoro utayakuta yamerundikwa kwenye mikokoteni, mengine yanachomwa palepale kwenye mkaa, na kunde mbichi zimepangwa mafungu mafungu pembeni. Masika yameisha, mashamba yanatoa, na sisi tunaopika kila siku tunapata nafuu kidogo.

Kwangu msimu huu una chakula kimoja ambacho watoto hukidai wenyewe: makande ya mahindi mabichi na kunde, yaliyoungwa kwa nazi. Hiki si chakula cha kupika kidogo. Ukishainjika sufuria ya makande, bakuli moja lazima litoke kwenda kwa jirani.

Mwaka jana bakuli hilo lilinifunza jambo ambalo nataka tulizungumze leo, mzazi mwenzangu.

Nilimtuma binti yangu, wakati huo yuko darasa la tatu, alipeleke nyumba ya pili kutoka kwetu. Alipokelewa vizuri, akarudi mikono mitupu. Hilo halikunishangaza, maana kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Leo nikikupa makande, baada ya siku mbili tatu bakuli litarudi na maandazi, ndimu au fungu la mchicha. Ndivyo tulivyolelewa.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Bakuli kimya.

Nikaanza kununa. Tena nikasema mbele ya watoto, na hapo ndipo nilipokosea zaidi, kwamba “wale ukiwapa hawarudishi.” Nilipopika tena sikupeleka. Jirani naye akaanza kupita njia ya nyuma akienda bombani. Watoto wetu waliokuwa wakicheza rede pamoja kila jioni, wakaanza kucheza kila mmoja kwao. Hakuna aliyegombana na mwenzake, lakini salamu zilikuwa zimepoa.

Siku moja tukakutana gengeni, hakuna pa kupita. Yeye ndiye aliyeanza.

“Jirani, bakuli lako lipo. Nililiosha siku ileile. Nasubiri nipate cha kutia humo.”

Mume wake ni kibarua wa ujenzi, na mvua zilikuwa zimesimamisha kazi kwa wiki kadhaa. Kila alichopata kiliishia kwa watoto wake. Bakuli langu likawa limekaa kabatini kama deni, na kila akiliona anakumbuka kwamba hana.

Sikuwa na la kujibu. Nilimshika mkono tu, nikamwomba radhi.

Desturi ya kutorudisha chombo kitupu ni nzuri, nami nawafundisha wanangu. Inamfanya anayepokea asijione mdogo, kwa sababu kesho naye atatoa. Lakini mwezi ukiwa mgumu, desturi hiyohiyo inaweza kumfungia mtu mlango. Badala ya kushukuru, anaanza kukukwepa. Kazi ya kuupunguza uzito huo ni yetu sisi tunaopeleka.

Tangu siku ile nimebadili mambo machache.

Kwanza, mtoto haachi chombo. Namwambia aseme, “Shikamoo mama, mama anaomba umimine kwenye chombo chako, hili bakuli analitumia.” Anasubiri, anarudi nalo. Hapo hakuna deni lililobaki kabatini.

Pili, naomba kabla sijatoa. Jirani yangu ana mchaichai umestawi nyuma ya nyumba. Siku hizi nikitaka chai yenye harufu namtuma binti akaombe majani. Kwake ni kitu kidogo, lakini kinampa nafasi ya kuwa mtoaji. Jirani anayepewa tu kila siku huchoka, hata kama hasemi.

Tatu, nachunga maneno ya nyumbani. Mtoto hatakiwi kwenda kusema shuleni au uwanjani kwamba fulani jana alikula kwetu. Na mimi sitakiwi kumpa maneno hayo.

Nne, nauliza wanachokula. Kuna watoto ambao karanga huwadhuru vibaya, na kuna wazee waliokatazwa chumvi nyingi. Swali moja mlangoni linatosha.

Sasa tuingie jikoni. Kwa watu sita, na bakuli moja la jirani, tafuta mahindi mabichi 8 yaliyokomaa kiasi, kunde mbichi zilizomenywa vikombe 2, nazi 1 kubwa, kitunguu 1, nyanya 2, karoti 1 na chumvi.

Nunua mahindi siku unayopika. Yakikaa, utamu wake hupungua kwa sababu sukari iliyomo hugeuka wanga. Pukuchua, yaoshe pamoja na kunde, weka maji yafunike na kupita kidogo, kisha chemsha kwa dakika 40 hadi 50 mpaka viive. Hapa ndipo penye faida ya msimu: mahindi na kunde kavu huhitaji kulowekwa usiku kucha, kisha saa kadhaa za mkaa.

Wakati vinachemka, kuna nazi, ukamue tui zito uliweke pembeni, halafu ukamue tui jepesi. Vikishaiva, tia kitunguu, nyanya, karoti, chumvi na tui jepesi. Acha vichemke mpaka nyanya ziive. Punguza moto, mimina tui zito huku ukikoroga ili lisikatike, acha dakika 10, epua.

Kwa mtoto mdogo anayeanza kula, ponda vizuri, usimpe punje nzima, zinaweza kumpalia.

Chakula cha nazi huchacha upesi. Peleka cha jirani kikiwa cha moto, kabla hamjaanza kula, si mabaki ya jana. Kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kikipashwa moto kichemke kweli.

Kama hela ni ndogo, changeni. Majirani wawili au watatu mkinunua mahindi kwa pamoja, kila mmoja akachukua kulingana na alichotoa, bei ya jumla inawasaidia wote na hakuna anayeitwa msaidiwa.

Na bakuli langu? Lilirudi mwishoni mwa mwezi ule, likiwa na majani ya mchaichai yaliyofungwa kwa uzi. Mume wake alikuwa hajarudi kazini bado. Nilipokea, nikachemsha chai jioni ileile, nikamwita tukanywa wote barazani, huku watoto wakicheza rede.

Kama kuna chombo chako kiko kwa mtu na hakijarudi, wiki hii usikidai. Pita umjulie hali kwanza.

Tukutane wiki ijayo.