Gitaa Halina Kosa

Kila mtu ana ayapendayo na yamkeraye. Mimi napenda chai ya maziwa ya ngamia, napenda mtu atimizaye ahadi, na napenda sauti ya mwadhini wa alfajiri kabla magari hayajaanza kunguruma. Yanichukizayo pia ni mengi: mtu asemaye "inshallah" ilhali moyoni amekwisha kukataa, mgeni aingiaye bila hodi, na msafiri azungumzaye na simu mpaka basi zima likajua madeni yake. Lakini linikeralo zaidi ni muziki anaotiliwa masikioni mtu asiyeuomba.

Tuuchukue mji wa Tarbaj, katika Kaunti ya Wajir. Mji huu uko kwenye njia itokayo Wajir kwenda El Wak na Mandera. Ni mji mdogo, na katika mji mdogo sauti ni mali ya wote. Gari moja likisimama na spika zake wazi, mwenye duka, mgonjwa aliyelala na mtoto aliye chuoni na msahafu wake, wote hulazimika kusikiliza. Zikiwa ni ngoma za roki, utawasikia wazee wakilaani: "Haya ndiyo makelele ya Wazungu!"

Wazee wetu wana haki ya kukasirika, lakini mshitakiwa wao siye. Roki ilichipuka katika nyimbo za watu weusi wa Marekani. Na mmoja wa waimbaji wake mashuhuri kabisa, Freddie Mercury wa bendi ya Queen, alizaliwa Unguja mwaka 1946.

Wala gitaa la umeme si geni kwa Wasomali. Abdullahi Qarshe, aitwaye baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali, alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924. Alipiga udi, chombo kile kile tukijuacho sisi katika taarabu. Baadaye, miaka ya 1980, bendi ya Dur-Dur ya Mogadishu ilichukua dhaanto, ngoma ya asili ya Kisomali, ikaitia gitaa la umeme na mapigo ya kigeni, na vijana wakacheza.

Nyimbo za Kisomali zilithaminiwa hata penye hatari ya kifo. Mwaka 1988 mji wa Hargeisa uliposhambuliwa kwa mabomu, kanda za redio ya huko zilifukiwa ardhini zisiteketee. Nyimbo ambazo watu walizifukia kama amana hazifai kugeuzwa fimbo ya kumpigia jirani.

Kuhusu halali na haramu ya ala za muziki, maulamaa wamehitilafiana tangu zamani, na ukurasa huu si mahali pa kuwaamua. Lakini kuhusu kumuudhi jirani hakuna hitilafu. Luqmani alipomuusia mwanawe, alimtaka ashushe sauti yake. Na wasia huo haukuhusu gitaa, ulihusu adabu.

Sisi wa pwani nasi tusiwacheke watu wa Tarbaj. Mombasa, Malindi na Lamu, ni harusi ngapi ambazo spika zake hunguruma usiku wa manane huku jirani ana mtoto mchanga au maiti ndani? Taarabu ikipita kiasi nayo ni kelele. Hata waadhi, ukipigiwa kipaza sauti kupita haja, huwachosha wale wale uliokusudiwa kuwafaa.

Dawa yake haina gharama. Dereva apunguze sauti akaribiapo msikiti, shule au zahanati, na awaulize abiria wake kama wanapenda anachokipiga. Kijana apendaye roki avae visikizio, asikilize mpaka atosheke. Mwenye harusi aweke saa ya kuzima spika, na aitimize. Na wazee waache kulaani ala. Wamwite kijana, wamweleze kwa upole ni nani anayeumia.

Gitaa halijui kuwa kuna mgonjwa nyumba ya pili. Anayejua ni yule aliyeshika kitufe cha sauti, na huyo ndiye wa kuulizwa.