Barua ya wazi kwa Tume ya Ushindani: kianzio si bei ya simu

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kuhusu neno "tu". Katika matangazo ya simu za mkopo yanayosambaa Instagram na Facebook, neno hilo hukaa ubavuni mwa kiasi kidogo cha fedha kilichoandikwa kwa herufi nene: simu janja kwa elfu hamsini tu. Kumbe hicho ni kianzio. Rejesho la kila siku limebanwa kwa herufi ndogo au halipo kabisa, na jumla atakayokuwa amelipa mnunuzi siku deni linapokwisha haionekani popote. Chini kuna "vigezo na masharti kuzingatiwa", maneno yaliyozoeleka hata hakuna anayeuliza tena vigezo vyenyewe viko wapi.

Tupige hesabu ya mfano. Kianzio ni shilingi 50,000, na rejesho ni 1,500 kwa siku kwa mwaka mzima. Marejesho peke yake yanafika 547,500. Weka kianzio, inakuwa 597,500. Ikiwa simu hiyohiyo taslimu ni 350,000, mnunuzi ameongeza 247,500 ili apewe muda. Pengine ataridhia, na ni haki yake, lakini mtu haridhii asichokijua. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ofisi yako inaisimamia, inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha. Uzito wa hoja yangu uko hapo. Tangazo laweza kuwa na kila tarakimu sahihi na bado likampotosha mtu kwa namna lilivyozipanga: ipi ionekane, ipi ifichwe.

Watakuwepo wa kusema kwamba mikopo hii imewapa simu watu ambao wasingezipata: dereva wa bodaboda, mama ntilie, mkulima anayengoja mavuno. Ni kweli, na siombi ifutwe. Lakini anayepata riziki yake kwa siku hupanga matumizi kwa siku, na tangazo linalomwonyesha siku moja limechagua kwa makusudi upande ambao deni linaonekana jepesi. Tena halisemi kwamba akichelewesha rejesho simu itafungwa kwa mbali. Kwa dereva huyo, simu iliyofungwa ni wateja wasiompata na pesa asiyoweza kuitoa, yaani kipato kilekile alichotegemea kulipia deni.

Wengine watajibu kwamba mteja huonyeshwa mkataba kabla ya kusaini. Wakati huo ameshatumia nauli, ameshatoa namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA), simu iko mkononi na wakala anasubiri kamisheni. Uamuzi ulishafanyika alipoliona tangazo. Mkataba unakuja kuuthibitisha tu.

Hoja kwamba mitandao haidhibitiki ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu Tanzania imeshaonyesha vinginevyo. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchi nzima. Novemba 2024 Benki Kuu iliyataja hadharani majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Na matangazo ya kulipia ya Facebook na Instagram yamewekwa wazi katika maktaba ya matangazo ya kampuni ya Meta, ambako yeyote anaweza kutafuta yanayoendelea kurushwa. Ofisa wako anaweza kuanza kazi hii leo akiwa mezani kwake.

Ninachoomba ni mwongozo mfupi wenye nguvu ya sheria. Tangazo lolote linalotaja kianzio litaje pia jumla ya malipo, bei ya taslimu na muda wa deni, kwa herufi za ukubwa uleule, ndani ya picha au video yenyewe, si kwa "bei njoo inbox". Lieleze kwamba simu hufungwa. Na wakala anaporusha tangazo la kupotosha, kampuni iliyompa simu za kuuza iwajibike pamoja naye, maana ukurasa wa wakala hufutwa usiku mmoja na kesho yake ukafunguliwa mwingine, ilhali kampuni inayopokea marejesho ya kila siku inajulikana ilipo.