Nani Anapiga Kelele Chumbani?

Mwezi huu siongelei wivu wala nani alipe bili. Naongelea kelele. Si za majirani, ni za laptopu ya mwenzako saa saba usiku, wewe umejifunika shuka mpaka kichwani na mtoto ndio kwanza kapitiwa na usingizi.

Siku hizi ofisi imehamia chumbani. Jarida likikaribia kwenda mtamboni hata mimi nakesha, kwa hiyo najua utamu na uchungu wa pande zote mbili.

Kabla hamjanuniana, mjue kwanza mpiga kelele ni nani. Ndani ya laptopu wako wawili: feni na hadi diski. Feni inavuma kama upepo, na inazidi mashine ikipata moto. Ukiiweka juu ya godoro, matundu ya hewa yanazibwa na feni inachachamaa. Hapo dawa ni meza, au hata sinia pana. Hununui kitu.

Hadi diski ya kizamani ina sauti yake: mvumo mwembamba usiokatika, na mkwaruzo mdogo kila unapofungua faili. Ndani kuna visahani vinavyozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kijimkono kinachokimbia huku na huko kutafuta ulichohifadhi. Ukisikia tak, tak, tak ya mpigo mmoja, hiyo si kelele tena, ni kilio. Mara nyingi diski iko njiani kufa. Hamisha picha zako usiku huohuo.

Sasa ununue ipi? Ukitaka kimya cha kweli, chagua SSD. Hii inahifadhi kila kitu kwenye chipu, haina cha kuzunguka wala cha kugonga. Tena laptopu kuukuu inawaka haraka mpaka unadhani umenunua mpya. Ubaya wake, kwa ujazo uleule ni ghali zaidi. Kwa wengi wetu GB 256 au 500 zinatosha. Muvi na video ya harusi ziweke kwenye diski ya nje, uichomeke mchana.

Kama unataka ujazo mkubwa na mfuko umetoboka, chukua ya mara 5,400, kwa kawaida ni tulivu kuliko ya 7,200. Angalia pia desibeli kwenye maelezo yake. Namba zisikudanganye kwa udogo: desibeli 10 zikiongezeka, sikio linasikia kama kelele imekuwa maradufu.

Ila usikimbilie Kariakoo na hela mkononi. Fundi afungue kwanza. Kuna laptopu zinazopokea diski ya inchi 2.5, na humo kuna nyembamba ya milimita 7 na nene ya 9.5. Nyingine zinapokea M.2, ile iliyo kama kipande cha bigijii, nayo ina aina mbili, SATA na NVMe, ambazo haziingiliani kila mahali. Na zipo ambazo chipu zimechomelewa humohumo, huwezi kubadilisha kirahisi.

Jambo moja usilisahau. SSD ni kimya hata inapokufa. Ile ya kizamani mara nyingi inalalamika kwanza, hii inaweza kuzima asubuhi moja bila kuaga, ikaondoka na picha za kwanza za mtoto. Weka nakala sehemu ya pili, na usiseme utafanya kesho.

Mwisho nakugeukia wewe unayekesha. Usingoje kuambiwa. Mwenzako akisema "endelea tu, hainisumbui" halafu akageukia ukutani, ujue hajalala. Bei ya diski ni kidogo ukilinganisha na miezi ya kuamka na mtu aliyechoka, anayejibu kwa mkato na hajui kwa nini. Na diski ikishanyamaza, usiifanye ruhusa ya kukesha kila siku. Kuna saa ambayo hata mashine isiyo na kelele inatakiwa kufungwa, mtu akageukia upande wa mwenzake.

Tukutane mwezi ujao!