Lami Haijawahi Kumbeba Abiria

Katika mkutano wa hadhara milimani Usambara, mgombea akishamaliza salamu, dai la kwanza kutoka kwa wananchi huwa lami. Mlalo wanadai lami, Bumbuli wanadai lami, Mtae wanadai lami. Mgombea naye anaahidi lami, makofi yanapigwa, mkutano unafungwa. Nyuma ya dai hilo kuna imani ambayo karibu hakuna anayeihoji: kwamba shida ya usafiri huku juu ni barabara, na barabara ikishatengenezwa magari yatakuja yenyewe, safari zitakuwa nyingi na mtu atasafiri saa anayotaka. Imani hiyo si kweli, na ushahidi wake tunaukanyaga kila siku.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto ina lami. Ni kilomita 32 hivi, inapanda kutoka joto la tambarare hadi baridi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ikipita Soni na maporomoko yake. Ina kona kali na mahali pengine ni nyembamba, lakini ni lami, na imekuwa lami kwa miaka mingi. Sasa shuka pale Mombo kwenye basi linalotoka Dar es Salaam, uulize gari la Lushoto linaondoka saa ngapi. Hutatajiwa saa. Utaambiwa, "Bado wawili tu, tunaondoka." Wawili hao wakipanda, mpiga debe atasema bado wawili wengine. Gari lipo, dereva yupo, mafuta yamo, lami imelala mbele yako hadi Lushoto mjini, ila safari haipo.

Halafu tazama Mtae, ukingoni kabisa mwa milima, ambako barabara ni ya kuomba Mungu mvua isinyeshe. Mabasi ya huko yanayokwenda Tanga na Dar es Salaam huondoka alfajiri kwa saa zinazojulikana, na abiria hutoka majumbani gizani na mizigo yao kwa sababu wanajua wakichelewa wameachwa. Kwa hiyo kwenye barabara mbaya kuna gari lenye saa, na kwenye barabara nzuri kuna gari lisilo na saa. Kama barabara ndiyo ingeleta usafiri, mambo yangekuwa kinyume chake. Basi la Mtae lina saa kwa sababu liko kwenye ratiba ya mabasi ya mikoani, na mwenye basi anajua atabanwa asipoifuata. Haisi ya Mombo haina saa kwa sababu hakuna aliyewahi kumdai mwenye gari saa.

Kanuni inayotawala huku ni moja: gari likijaa, linaondoka. Tumeizoea hadi tunaiona kama sheria ya maumbile, kana kwamba gari lenye viti vitupu haliwezi kupanda mlima. Hebu tuipigie hesabu. Chukua Haisi ya viti 14. Abiria wakija mmoja kila baada ya dakika tano, aliyefika kwanza atasubiri zaidi ya saa moja kabla gari halijatikisika. Safari yenyewe hadi Lushoto haifiki hata saa moja na nusu. Mtu huyo amelipa nauli ya pesa, na juu yake amelipa saa nzima ya maisha yake, lakini saa hiyo haiandikwi popote. Haimo kwenye tiketi wala kwenye takwimu za halmashauri, na haitajwi wakati nauli zinapopangwa. Muda wa maskini huhesabiwa kuwa ni wa bure.

Anayesubiri stendi walau ana mahali pa kukaa. Anayeumia zaidi ni mtu wa njiani. Gari lililoondoka limejaa halina nafasi yake. Mama aliyesimama na kapu la karoti kati ya Soni na Lushoto ataona magari matatu yakimpita, konda ameshika mlango na watu wamebanana, na yeye bado amesimama. Ndiyo maana watu wanageuza na gari: unapanda linalokwenda upande usiokwenda wewe, unalipa, unafika nalo stendi, unakaa kwenye kiti chako, kisha unasubiri lijae upya ndipo urudi ulikotoka. Wakazi wa Dar es Salaam wanalijua jambo hili vizuri. Ni nauli mbili kwa safari moja, na anayezilipa ni yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote.

Kujaza huku ndiko kunakozaa hatari tunazozilaumu kwa "uzembe wa madereva" kila ajali inapotokea. Dereva aliyekaa stendi saa nzima akisubiri vichwa ana haraka ya kufidia. Kiti cha watu watatu anakalisha wanne, mbele anaweka wawili pembeni yake, na kwenye kona za juu ya Soni, upande mmoja jiwe na mwingine korongo, anashindania abiria na mwenzake aliye mbele. Askari wa usalama barabarani wanaweza kuandika faini kutwa nzima, na kesho hali itakuwa ileile, kwa kuwa kinachomsukuma dereva ni mkataba wake na tajiri. Mwenye gari anataka hesabu yake jioni, kiasi kilekile, mvua inyeshe au isinyeshe. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho cha dereva na konda. Katika mpango huo kila kiti kitupu ni chakula kilichotolewa mezani kwa dereva. Mimi simlaumu kwa kusubiri lijae. Angekuwa nani yeye aondoke na watu watano?

Tunaodhani lami na zege vinatosha tungeangalia Dar es Salaam, ambako nchi hii imefanya jaribio kubwa kuliko yote. Usafiri wa mabasi ya mwendokasi ulianza kubeba abiria Mei 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, kwenye njia ya karibu kilomita 21 iliyojengwa kwa zege na kutengwa kwa ajili ya mabasi peke yake. Hakuna barabara ya abiria iliyokuwa bora kuliko hiyo hapa nchini. Mabasi yalianza yakiwa 140. Yalipokuja kwa kufuatana, watu waliona maisha yamebadilika. Mabasi yalipopungua na mengine kuharibika, watu wa Kimara walirudi kusubiri, kusukumana mlangoni na kupita madirishani. Zege lilikuwa lilelile, vituo vilikuwa vilevile. Kilichopungua ni idadi ya safari kwa saa. Mbagala ni funzo zito zaidi: njia ya awamu ya pili ilijengwa, ikakamilika, ikakaa bila mabasi yake huku daladala zikibanana kando, hadi huduma ilipoanza mwaka 2025. Wakazi wa Mbagala wanajua kuliko mtu yeyote kwamba barabara na usafiri ni vitu viwili, na vyote viwili vinahitaji kununuliwa.

Najua jibu linalokuja: Dar ni jiji, ina mamilioni ya watu, sisi huku ni wakulima wa kabichi. Kwanza, sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 492,441 katika wilaya ya Lushoto, Bumbuli ikiwemo. Hao si watu wachache, na wengi wao wanaishi kwenye mabonde na vilele vilivyobanana, si kwenye nyika ambako kijiji na kijiji hutenganishwa na siku ya mwendo. Kuna hospitali, kuna chuo cha mahakama, kuna shule za bweni ambako wazazi huja kutoka mikoa mingine, kuna magulio. Abiria wapo. Pili, mkulima wa kabichi ndiye anayeijua saa kuliko mtu wa ofisini. Malori ya mboga yanayokwenda Dar es Salaam huondoka kwa hesabu ya soko la alfajiri, na mzigo ukichelewa bei imeanguka. Tunaweza kuisafirisha kabichi kwa saa. Mkulima aliyeilima anastahili heshima hiyohiyo.

Tunapenda pia kusikia Lushoto ikiitwa Uswisi ya Afrika. Vitabu vya watalii vinasema hivyo kwa ajili ya baridi, miti na mandhari ya Irente. Basi tuifuate Uswisi hadi kwenye jambo linalowafaa wakazi wake. Mwaka 1906 shirika lao la posta lilianza kuendesha basi la injini kutoka mji wa Bern hadi kijiji cha Detligen, likibeba barua na abiria pamoja. Barua ziliipa safari saa, na abiria wakanufaika na saa ya barua. Leo mabasi hayo ya njano yanapanda hadi vijiji vya juu milimani, na sheria yao inatambua kwamba makazi ya watu 100 na zaidi yanastahili kufikiwa na usafiri wa umma. Mwaka 1982 waliweka nchi nzima kwenye mpango wa treni za kila saa, dakika ileile kila saa, na mabasi ya milimani yakapangwa yakutane nazo. Milima yao ni mirefu kuliko yetu na ina theluji. Hawakungoja milima ipungue.

Ukisema Uswisi ni matajiri, nitakupeleka Rwanda, jirani yetu, nchi ya vilima kutoka mpaka hadi mpaka. Ukienda kituo cha Nyabugogo pale Kigali kutafuta basi la Musanze au Huye, unakatiwa tiketi yenye saa. Saa ikifika, basi linaondoka. Abiria wamezoea, na kwa sababu wamezoea wanakuja kwa saa, na kwa sababu wanakuja kwa saa basi haliondoki tupu. Hapo ndipo imani yetu inapokosea mpangilio wa mambo. Tunasema abiria wakiwa wengi, ratiba itawezekana. Ukweli ni kwamba ratiba ndiyo inayowakusanya abiria. Mtu asiyejua gari litaondoka lini hasafiri kama hana shida kubwa. Anapanda bodaboda kwa bei kubwa, au anaahirisha kliniki hadi mwezi ujao.

Swali la haki ni hili: nani atalipia viti vitupu? Sidai serikali irudi kuendesha mabasi kama enzi za KAMATA, ile Kampuni ya Mabasi ya Taifa. Magari yapo, wenye magari wapo. Ninachodai ni umma ununue saa kutoka kwao, kama unavyonunua kokoto na lami kutoka kwa mkandarasi bila kumuuliza kila kokoto imeleta faida gani. Na si lazima kuanza na makubwa. Njia ya Lushoto na Mombo ina abiria wa kutosha kwa gari kila nusu saa mchana kutwa. Hapo kinachotakiwa ni foleni yenye saa, inayosimamiwa na wenye magari wenyewe kupitia ushirika wao, na halmashauri kuwasamehe ushuru wa stendi wale wanaoondoka kwa wakati. Pesa ya umma iende kwenye safari mbili zinazokataliwa na biashara: ya kwanza alfajiri na ya mwisho usiku. Hizo mbili ndizo zinazompa mtu imani na zote zilizo katikati. Mtu hatashuka Mombo kutafuta dawa saa tisa alasiri kama hajui atapandaje kurudi.

Usiku nao sasa una uzito mpya. Kuanzia Oktoba 2023 mabasi ya mikoani yanaruhusiwa tena kusafiri saa 24. Maana yake watu wanashuka Mombo saa tano usiku, saa nane usiku, na watoto na mizigo, kwenye baridi inayoshuka kutoka mlimani. Ratiba ya taifa imebadilishwa, ya kilomita 32 za mwisho haikuguswa. Anayeshuka hapo anabaki na bodaboda kwenye kona zile gizani, au kukodi gari kwa bei ya mwenye gari, au kulala kwenye benchi hadi kuche.

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, tangu iundwe mwaka 2019 ndiyo inayotoa leseni za njia na kuidhinisha nauli. Kwenye mabasi ya mikoani inasimamia ratiba. Hakuna sababu ya leseni ya Mombo–Lushoto, Soni–Bumbuli au Lushoto–Mlalo kutaja njia na nauli kisha ikanyamaza kuhusu saa. Kipengele kimoja kiongezwe: saa ya gari la kwanza, saa ya gari la mwisho, na muda mrefu kabisa unaoruhusiwa kati ya gari na gari. Ubao uwekwe Mombo, Soni na Lushoto, wenye saa hizo kwa maandishi makubwa, ili abiria awe na cha kunyooshea kidole anapodai haki yake.

Lami ya Mlalo, Mtae na Bumbuli iendelee kudaiwa, nami nitaidai. Lakini madiwani wa Lushoto na Bumbuli hukutana kila robo mwaka, na kupanga saa za magari hakuhitaji mkandarasi, mkopo wala greda. Katika kikao kijacho diwani mmoja asimame aulize gari la mwisho la kupanda kutoka Mombo linaondoka saa ngapi, na jibu lake liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, liwe lolote lile.