Dawa ya Maumivu Si Dawa ya Nguvu

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Garissa

Ndugu wakulima, katika gazeti hili mwasoma kila mwezi habari za mbegu, mbolea na zamu za maji. Mwezi huu nataka kusema juu ya chombo kimoja cha shamba ambacho vipuri vyake haviuzwi dukani, nacho ni mwili wa mkulima mwenyewe.

Yeyote aliye karibu na mashamba ya ukingo wa Mto Tana, tangu Balambala na Garissa mpaka kwa majirani zetu wa Bura na Hola, alijua jambo hili vizuri. Wakati wa kupalilia au kuzibua mifereji, mtu huamka mgongo ukimwuma na magoti yamekaza. Hupitia dukani akanunua vidonge viwili vitatu vilivyofungwa katika kipande cha karatasi, akavimeza kwa chai ya rangi, kisha akaenda shambani. Mchana maumivu hayapo na kazi imekwisha. Kesho hufanya vivyo hivyo, na kesho kutwa pia. Baada ya muda vidonge vimekuwa kama jembe: hatoki nyumbani bila hivyo.

Maoni yangu ni kwamba desturi hii ni mbaya na yatupasa kuiacha. Dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu hutolewa kwa ugonjwa fulani, kwa mtu fulani na kwa siku zilizohesabiwa. Haikutengenezwa ili mtu apate nguvu za kumaliza ekari.

Kwanza tuzijue dawa zenyewe. Zile ninazozisema huandikwa kwenye pakiti Diclofenac, Ibuprofen, Indomethacin, Piroxicam au Meloxicam. Brufen ni ibuprofeni. Aspirini nayo ni ya ukoo huo. Nyingi kati ya hizi yafaa zitolewe kwa maandiko ya daktari. Parasetamoli, ambayo wengi huiita Panadol, si ya ukoo huu. Hutuliza maumivu na homa lakini haina nguvu nyingi juu ya uvimbe. Nayo pia ina mpaka wake: mtu mzima mwenye afya asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku moja, maana ikizidi huharibu ini.

Sasa tuone jinsi dawa za uvimbe zinavyofanya kazi. Mwili una vitu vyake unavyovitengeneza penye jeraha ili kuleta uvimbe na maumivu. Dawa huzuia vitu hivyo visitengenezwe, ndiyo sababu twapata nafuu. Lakini vitu hivyo hivyo vina kazi nyingine mbili kubwa: hulinda ngozi ya ndani ya tumbo isiliwe na asidi, na huweka wazi njia ya damu iingiayo katika figo. Dawa haichagui. Ikizuia goti, huzuia na tumbo na figo pia.

Mkulima wa umwagiliaji ataelewa habari ya figo upesi. Maji yanapokuwa mengi katika mfereji mkuu, lango likifungwa kidogo shamba bado hupata maji. Lakini maji yanapopungua, lango lazima liwe wazi kabisa, la sivyo mimea ya mwisho itakauka. Figo ni hivyo hivyo. Mtu anapofanya kazi juani, katika joto letu ambalo mara nyingi hupita digrii 35, hutoka jasho na damu yake hupungukiwa na maji. Wakati huo mwili hufungua lango la figo kwa bidii. Aliyemeza diklofenaki asubuhi amelifunga lango hilo saa ile ile linapohitajika. Mara moja huenda asione lolote, lakini akifanya hivyo msimu baada ya msimu, figo zaweza kuharibika bila maumivu yoyote ya kumwonya. Figo zikishindwa kabisa, mtu husafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kila wiki, na hapo shamba halina mwenyewe tena.

Kuhusu tumbo, hatari ni vidonda na kutoka damu. Wengi hudhani kwamba sindano ni salama kwa kuwa haipiti tumboni. Sivyo. Dawa hufika tumboni kwa njia ya damu, hata ikiwa imeingia kwa sindano. Tena anayetafuna miraa usiku kucha hupoteza hamu ya kula, na asubuhi humeza dawa tumbo likiwa tupu. Huyo anajitafutia kidonda mara mbili.

Moyo nao usisahauliwe. Mwaka 2004 kampuni ya Merck iliondoa dawa yake ya ukoo huu, Vioxx, katika masoko yote ya dunia, baada ya kuonekana kwamba iliongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Diklofenaki nayo huongeza hatari hiyo, hasa kwa mtu ambaye tayari ana ugonjwa wa moyo.

Sisi wa Kaskazini Mashariki tuna sababu nyingine ya kujihadhari. Baada ya mvua kubwa, mbu huleta homa za namna nyingi. Homa ya Bonde la Ufa ilipiga Garissa mwaka 2006 hadi 2007. Homa ya dengi ilionekana Mandera mwaka 2011, na chikungunya, ambayo huumiza viungo vibaya sana, ilienea Mandera mwaka 2016. Dengi na Homa ya Bonde la Ufa zaweza kumfanya mtu atoke damu, na aspirini na wenzake huzidisha hatari hiyo. Kwa hiyo mwenye homa na maumivu ya viungo asikimbilie dawa za uvimbe kabla ya kupimwa. Anywe maji, atumie parasetamoli kwa kipimo chake, aende zahanati. Na mtoto mwenye homa asipewe aspirini.

Wafugaji nao wasikie jambo hili. Katika miaka ya 1990 tumbusi walianza kufa kwa wingi katika nchi za India, Pakistan na Nepal. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza sababu: ndege hao walikula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, na figo zao zikafa. Mwaka 2006 nchi zote tatu zilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Figo ya tumbusi ni dhaifu kuliko yetu kwa dawa hii, lakini somo ni moja. Wala mtu asimchome ng'ombe sindano iliyokusudiwa binadamu. Na aulizwe afisa wa mifugo.

Najua majibu nitakayopewa. Mtu atasema, "Hospitali iko mbali, foleni ni ndefu, na zamu ya maji hainisubiri." Maneno hayo ni ya kweli, wala simlaumu aliyemeza kidonge siku moja ili asikose maji. Lakini siku moja si desturi. Tena maumivu yanayorudi kila asubuhi yana sababu, na mara nyingi sababu hiyo iko shambani. Jembe la mpini mfupi huvunja mgongo. Mpini mrefu hugharimu pesa kidogo. Gunia la kilo 90 si mzigo wa mgongo mmoja. Kazi ya alfajiri na ya alasiri ni bora kuliko kazi ya saa saba mchana. Na majirani wa mfereji mmoja waweza kubadilishana zamu mmoja wao anapougua. Mambo haya yamo mikononi mwetu wenyewe.

Basi, anayelazimika kutumia dawa hizi na ashike kanuni hizi:

1. Usinunue kidonge kisicho na jina. Mwambie muuzaji akuonyeshe pakiti na tarehe ya mwisho wa matumizi.

2. Usitumie mbili za ukoo mmoja pamoja, kama Brufen na diklofenaki. Hazizidishi nafuu, huzidisha madhara.

3. Meza baada ya chakula, iwe anjera au ugali, na kwa maji ya kutosha. Kipimo kiwe kidogo na siku ziwe chache. Katika mwezi wa Ramadhani mwulize daktari kwanza, maana mfungaji hushinda bila maji, na mgonjwa ana ruhusa yake.

4. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, moyo, presha, sukari au pumu asimeze bila ushauri. Anayetumia dawa za presha aseme hivyo dukani, kwa kuwa baadhi yake zikikutana na dawa hizi huumiza figo.

5. Mama mjamzito asitumie bila amri ya daktari, hasa mimba ikipita wiki 20.

6. Ukiona choo cheusi kama lami, matapishi kama machicha ya kahawa, mkojo umepungua, miguu imevimba, au kifua kinabana, acha dawa na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa goti linalouma, mwulize mhudumu wa afya juu ya dawa ya kupaka, kwani huingia katika damu kidogo kuliko kidonge.

Pampu ikianza kutoa moshi, hakuna mkulima mwenye akili anayeziba masikio ili asisikie mlio wake. Huizima akatafuta fundi. Maumivu ni mlio wa mwili. Tuusikilize mapema, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.