Tunachangia Jeneza, Tunamkimbia Mgonjwa

Katika wilaya za Tarime na Serengeti msiba haukosi watu. Kuanzia Sirari na Nyamongo hadi Mugumu, mtu akifariki turubai hufungwa, daftari la michango hufunguliwa, na hata waliogombana naye hufika kumzika. Hilo ni jambo la heshima na sikusudii kulibeza. Ninachouliza ni hiki: daftari hilo lilikuwa wapi alipokuwa hai, asiyepata usingizi, na simu yake haiachi kuita wadai?

Tumezoea kutenganisha madeni na maradhi ya akili, kana kwamba la kwanza ni uzembe na la pili ni kurogwa. Katika maisha ya mtumishi wa kawaida mambo haya mawili hulishana. Utaratibu wa utumishi wa umma unataka mtumishi abakiwe na walau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Mkopeshaji wa "kausha damu" hukwepa ulinzi huo kwa njia nyepesi: huchukua kadi ya benki na namba ya siri, kisha mwisho wa mwezi hutangulia yeye kwenye mashine. Mwenye mshahara hubaki akikopa kwingine ili ale. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni. Nyuma ya orodha ile kuna watu waliodhalilishwa mbele ya ndugu na waajiri wao kwa ujumbe wa simu.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu, alifikia hali hiyo. Aliacha kula, akaacha kuoga, akaanza kugawa vitu vyake. Waliomtembelea walimwambia "jikaze, wewe ni mwanaume," maneno ambayo huku kwetu hutolewa kama dawa ilhali ni kufuli la mdomo. Hatimaye tulikaa naye watu wanne. Tulimuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua, akakiri. Tuligawana kazi: mmoja alilala kwake, mwingine akampeleka hospitali, wa tatu akaandika kila deni katika karatasi moja, nami nikaongozana naye benki kuifunga kadi ile na kuomba mpya. Fedha tulizochanga hazikufikia robo ya zile ambazo tungechanga kwa mazishi yake.

Lakini urafiki una kikomo. Rafiki si daktari, wala hawezi kuwa mbadala wa huduma ambayo serikali inawajibika kuitoa. Mgonjwa wa Tarime anapohitaji matibabu ya kibingwa hutazamia Bugando kule Mwanza au Mirembe kule Dodoma, na nauli yenyewe, pamoja na ya msindikizaji, ni deni jipya.

Zaidi ya hayo, kuna aibu iliyoandikwa katika sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa la jinai. Watetezi wake hudai kwamba adhabu huzuia. Itamzuiaje mtu ambaye hata kifo hakimwogopeshi? Anayezuiwa ni ndugu, ambaye hufika zahanati akidanganya kuwa mgonjwa ameteleza, na daktari hukosa habari ambayo ingeokoa maisha. Sheria ya aina hii tuliirithi kwa Waingereza, nao wenyewe waliifuta kwao mwaka 1961. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kama hicho nchini humo kinakinzana na katiba. Tazameni basi mpaka wetu: kwa hukumu hiyo Mkurya wa Isebania ni mgonjwa, na binamu yake wa Sirari, hatua chache tu, ni mtuhumiwa.

Wabunge wa Mara waende Dodoma na hoja ya kukifuta kifungu hicho. Halmashauri ziwe na mhudumu wa afya ya akili anayefikika bila safari ya siku nzima. Maafisa utumishi wanaofahamu watumishi gani wamenyang'anywa kadi waache kunyamaza, maana kunyamaza kwao kunamlinda mkopeshaji. Wakurya wana iritongo, baraza ambalo jamii imelitumia kupambana na wizi wa mifugo. Kama linaweza kukaa kwa ajili ya ng'ombe aliyeibwa, linaweza kukaa kwa ajili ya kijana anayetoweka mbele ya macho yetu.

Nanyi wanafunzi, msisubiri Bunge. Mwenzenu akianza kujitenga na kugawa vitu vyake, nendeni kwake leo, muulizeni, na msimwache peke yake hadi afike kwa mtaalamu.